Nani Ameshika Mkono wa Mama?

Wiki iliyopita niliishia pale nilipoingia chumbani kwa Mama na mfuko wa nguo safi, nikamkuta mdogo wangu amekalia kiti changu na hakimu amesimama miguuni pa kitanda.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Mama yangu alipooza upande wa kulia, na ulimi ukafungwa. Yuko kwenye makao ya wazee, kwa sababu mimi nina kazi, nina watoto watatu, na sina mgongo wa chuma. Mwaka jana Mjomba, kaka yake pekee, alifariki bila mtoto, akamwachia Mama nyumba yenye fremu mbili za duka zinazotazama barabara. Mahakama ikanipa mimi kuisimamia kwa niaba yake. Nikampata mpangaji, mwanamke mmoja mwenye duka la dawa, ambaye kodi yake ingemweka Mama pale makaoni hadi Mungu atakapoamua.

Mdogo wangu tunamwita Sultani, kwa sababu tangu utotoni aliletewa hata maji ya kunawa. Wakati wa kumgeuza Mama kitandani hakuonekana. Habari za nyumba zilipomfikia, akaonekana. Kabla ya makao niliwahi kumwacha Mama kwake nilipotumwa kikazi, na niliporudi nilimkuta ana vidonda mgongoni ambavyo ungeweza kuingiza kidole ndani yake. Ndiyo maana niliapa kwamba nikiwa hai, Mama hatalala tena chini ya paa la Sultani.

Sasa tuendelee.

"Dada, karibu," Sultani alisema, kana kwamba chumba ni chake.

"Nikaribie wapi? Ondoka kwenye kiti changu."

"Mama, tulia," hakimu akaingilia, akinitazama mimi. Alikuwa mwanamume mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Pembeni yake karani, mzee wa makamo, ameshika kalamu tayari. "Wewe ndiye msimamizi wa mali ya mgonjwa?"

"Ndiye mimi."

"Kuna maombi mbele yangu. Ndugu yako anasema mgonjwa hataki tena umsimamie. Anamtaka mwanawe wa kiume."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia.

"Mheshimiwa, Mama hajatamka neno tangu alipoanguka. Huyu amemwambia lini? Amempigia simu?"

Karani aliinamia karatasi zake kuficha kicheko. Sultani hakukasirika. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sultani asipokasirika, ujue ameshakula na anasubiri kunawa tu.

"Hasemi, lakini anajibu," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kinywani mwake. "Mheshimiwa, naomba nimuulize mbele yako."

"Muulize."

Akauchukua mkono wa kushoto wa Mama, ule mzima, akauweka kwenye kiganja chake taratibu kama anashika yai.

"Mama, ni mimi mwanao. Unataka nikusimamie nyumba ya Mjomba?"

Kichwa cha Mama kikashuka, kikapanda.

"Unataka utoke hapa, ukakae nyumbani kwako na mwanao?"

Kikashuka, kikapanda.

Karani akaandika. Mimi nilisimama na mfuko wangu wa nguo kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Nilimtazama Mama usoni, nikaona ni uso ule ule. Nikatazama vidole vya Sultani, na hapo nikaelewa.

Hapa lazima niwaeleze jambo, la sivyo hamtaelewa nilichokifanya baadaye.

Mama alipoletwa pale mara ya kwanza alikataa dawa. Alikuwa akibana meno, wauguzi wakisukuma, dawa inaishia kwenye kanga. Mimi nimelea watatu, dawa hainishindi. Nikawa nambonyeza kwa vidole viwili chini ya kiganja, pale mshipa unapopiga, huku namwambia, "Mama, tayari?" Kwa mkono wangu wa pili nakishusha kidevu chake na kukiinua, kisha namlambisha asali kidogo. Asubuhi na jioni, siku baada ya siku, mpaka kidevu hakikuhitaji tena mkono. Ukibonyeza pale, kichwa kinashuka, kinapanda, mdomo unafunguka.

Nikawafundisha wauguzi wote. Walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Na Sultani je? Alipokuja kujifanya ana uchungu na mama yake, akammwagia dawa ya maji kifuani, nani alimshika vidole na kumwonyesha? "Bonyeza hapa, mjinga wewe, atakuitikia." Ni mimi. Nilijipalia makaa mwenyewe, na koleo nilinunua mwenyewe.

"Mheshimiwa," nikasema, "huo ni mchezo. Mwambie aondoe vidole."

"Vidole gani?" Sultani akajitia hamnazo. "Nisimshike mama yangu mkono? Sheria ipi hiyo, Dada?"

"Mtoto kumshika mama yake mkono si kosa," hakimu akasema.

"Si kosa. Basi nami nimshike. Inuka hapo."

"Dada, usilete vurugu mbele ya mgonjwa."

"Inuka kabla sijakuinua."

Akainuka taratibu, akikunja suruali yake kana kwamba mimi ni matope. Nikakaa. Nikaushika mkono wa Mama, nikaweka vidole vyangu viwili pale pale.

"Mama, wewe ni polisi?"

Kichwa kikashuka, kikapanda.

Karani akaachama.

"Mama, nje inanyesha mvua ya mawe?"

Kikashuka, kikapanda. Dirisha lilikuwa wazi, na jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye shuka.

"Huyu Sultani ni mume wako?"

Kikashuka, kikapanda.

"Dada, koma!" Sultani alifoka. "Huna hata haya?"

"Haya umeniachia wapi? Umemaliza zote." Damu ilikuwa inanichemka, na mtu akiwa anashinda hajui kusimama. "Mama, umeshakufa?"

Kichwa kikashuka, kikapanda.

Nikauachia mkono. Mama alikuwa ananitazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa na maji. Lakini jicho hilo hutoa maji siku zote, wauguzi hulifuta kila wanapopita. Nikajiambia ni yale yale ya kila siku.

Hakimu akavua miwani aliyokuwa ameivaa kutazama vidole vyangu.

"Nimeona," akasema.

"Basi iandikwe hivyo, Mheshimiwa. Huyu hakupewa jibu lolote. Amebonyeza swichi."

Sultani alikuwa amenywea, anatazama viatu vyake. Nakiri nilifurahi. Niliona nimemshika pabaya, na sikuwa na haraka ya kumwachia.

Hakimu akaagiza Matroni aitwe. Huyu ni mkuu wa wauguzi pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, na ananipenda. Akaja na beseni mkononi, maana pale hakuna anayetembea mikono mitupu.

"Matroni, ni kweli mgonjwa huitikia kwa kichwa akibonyezwa mkono?"

"Kweli kabisa, Mheshimiwa. Ndivyo tunavyompa dawa. Dada huyu ndiye alitufundisha, ana akili sana huyu." Akanitabasamia. "Wengine wanaleta mzazi hapa, wanatutupia kama mzigo. Huyu alianza kumfundisha wiki za mwanzoni kabisa. Hata ile siku watu wa mahakama walipokuja mara ya kwanza, bibi yetu alikuwa ameshazoea. Ukimgusa tu, tayari."

Alidhani ananisaidia. Mungu ambariki Matroni, na amfunge mdomo.

Hakimu alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati. Mkono wake ukasimama.

"Walipokuja mara ya kwanza kufanya nini?"

"Si ilikuwa kumwidhinisha dada, Mheshimiwa? Asimamie nyumba."

Hakimu akamgeukia karani. "Wewe ulikuwepo na hakimu aliyenitangulia. Mgonjwa aliulizwa vipi?"

Karani akakohoa. "Aliulizwa hapa hapa kitandani, Mheshimiwa. Kama anamkubali binti yake. Akaitikia kwa kichwa."

"Nani alikuwa amemshika mkono?"

Karani akainua macho. Alinitazama. Matroni akanitazama, tabasamu likimpungua kidogo kidogo. Sultani akainua uso kutoka kwenye viatu vyake, na uso wenyewe ulikuwa umeshaanza kucheka.

"Ni mimi," nikasema. "Lakini sikumbonyeza. Nilimshika tu, kama mtoto anavyomshika mama yake."

"Sheria ipi hiyo, Dada?" Sultani akauliza polepole.

Nilitamani ardhi ipasuke, na ipasukie chini yake kwanza.

Ndugu zangu mnaosoma, sikuja na hila siku ile ya kwanza. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikachana nywele za Mama, nikakaa karibu yake kwa sababu wageni walikuwa wengi na niliona anatetemeka. Nilimshika mkono. Vidole vyangu vilikaa wapi? Kila siku vinakaa pale pale. Je, nilibonyeza? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Vidole havijibu.

"Mheshimiwa," Sultani akasema, "basi kama yangu ni batili na yake ni batili, tuko sawa."

"Hamko sawa na sijasema mko sawa," hakimu akamjibu. "Kama mgonjwa hajui analoitikia, basi hakumkubali dada yako na hakukukubali wewe. Nyumba itashikwa na serikali mpaka shauri lisikilizwe upya."

"Na mpangaji wangu?" nikauliza.

"Hakuna kupangisha. Hakuna kuuza. Itafungwa."

"Mheshimiwa, kodi ile ndiyo kitanda hiki. Nimeshakopa kwa kila ninayemfahamu kusubiri kodi ile. Matroni, mwambie."

Matroni akahamisha beseni kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Dada, mwenye makao hangojei kesi. Unamjua. Yule wa chumba cha pembeni alitolewa na kesi yake iko mahakamani mpaka leo."

"Atapelekwa wapi?"

"Kwa ndugu wa karibu mwenye nafasi," karani akasema bila kuinua macho. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mama, wewe si uliandikisha unaishi vyumba viwili na watoto watatu?"

Niliandikisha. Sultani hana mtoto, na ana vyumba vya kutosha.

Hapo ndipo nilipofikishwa na akili zangu. Kwa kuthibitisha kwamba Mama haelewi kitu, nilikuwa nimempakia mwenyewe kwenye gari la Sultani na kumfungia mlango.

Hakimu akaenda dirishani kuzungumza na karani. Sultani akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya manukato yake.

"Dada, tuyamalize. Mwambie hakimu Mama anaelewa. Sema ulikuwa na hasira, umemtania tu mzee. Mimi nitasema nilikosea. Tusimamie wote wawili. Fremu moja yako, moja yangu."

"Na Mama?"

"Mama si yupo?"

"Yupo wapi, Sultani? Yupo wapi kwenye hiyo hesabu yako?"

"Usinipandie kichwani. Unajiona wewe ndiye unayempenda peke yako." Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ile ya mafuta kwa mgongo wa chupa. "Nimekutazama, Dada. Mama geuka. Mama meza. Mama lala. Mimi leo nimemuuliza, hata kama ni kwa ujanja. Wewe ulimuuliza kitu lini?"

Nilikuwa na jibu. Huwa nina jibu. Nikaanza kunyoosha shuka lililokuwa limeshanyooka.

"Sogeeni," hakimu akasema nyuma yetu. "Wote mtoke kitandani. Simameni ukutani, mikono nyuma. Matroni, na wewe. Hata mimi naweka yangu nyuma."

Tukasimama ukutani, watu wazima, kama darasa lililopiga kelele. Hakimu akasimama mbali na kitanda kiasi kwamba hata shuka hakuligusa.

"Mama," akasema, na akasema kwa sauti ya kawaida, si ile ya kelele ambayo sote humsemesha nayo. "Mimi ni hakimu. Hakuna anayekugusa. Kama unanisikia, fumba macho."

Mama akafumba macho.

"Anapepesa tu," nikasema. "Hupepesa hivyo siku zote..."

"Nyamaza. Mama, fungua."

Akafungua.

"Kama huyu kijana ni mwanao, fumba."

Akafumba. Akafungua.

"Kama wewe ni polisi, fumba."

Macho yakabaki wazi. Hakimu akangoja. Macho yakabaki wazi, yametolewa, hayapepesi, mpaka yakaanza kujaa maji yote mawili na maji yakamwagika kwenye mto. Hakuyafumba.

Matroni alishusha beseni sakafuni.

Sijui niwaelezeje. Mwaka mzima na zaidi nimesimama juu ya kitanda kile nikizungumza. Nimezungumza na wauguzi kuhusu haja zake, kubwa na ndogo. Nimezungumza na mwenye duka la dawa kwa simu, nikisema nyumba ni nzuri, mwenyewe hajitambui, kwa hiyo hakuna wa kukusumbua. Nimemwambia rafiki yangu, Mama akiwa amelala pale macho wazi, kwamba kuna siku naomba Mungu amchukue tu tupumzike wote. Nilisema hivyo huku nakunja soksi zake.

Na dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimemuuliza, mbele ya wanaume wageni, kama ameshakufa. Akaitikia.

"Anaelewa," hakimu akasema, kwa karani. "Andika. Mgonjwa anaelewa."

Sultani akapumua kwa nguvu. Mimi pia. Kumbe bado kulikuwa na nafasi. Kama anaelewa, basi anajua nani alimwosha vidonda. Anajua nani alivisababisha. Sikuwa na haja ya kumshika mkono wala kumbonyeza popote.

"Mama," hakimu akaendelea, "nyumba ya marehemu kaka yako ni yako. Kama unataka mwanao akusimamie, fumba macho."

Macho yakabaki wazi.

"Nauliza tena. Mwanao."

Wazi. Sultani akauma mdomo. Nilitamani kuruka.

"Kama unataka binti yako aendelee kukusimamia, fumba macho."

Mama akayageuza macho, akanitafuta ukutani mpaka akaniona. Nikamshushia kichwa kidogo, nikakipandisha, Mungu anisamehe, ile ya "Mama, tayari?"

Hakufumba.

"Huenda hakusikia," nikasema. "Sikio lile la..."

"Mama, nauliza tena. Binti yako."

Shingo ikakaza. Niliona mishipa ikisimama pale shingoni, na kichwa kikaanza kusogea juu ya mto, kwa shida, kama kitu kizito kinachosukumwa na mtu mmoja. Hakikushuka wala hakikupanda. Kilikwenda kushoto. Kikakaa. Kikarudi kulia.

Karani hakuandika. Alingoja aambiwe.

"Mama," nikasema, nikatoka ukutani, mikono imenitangulia. "Mama, ni mimi..."

"Usimguse!" Hakimu alipiga kelele kwa mara ya kwanza. "Nje. Wote wawili, nje. Matroni abaki."

Tukatolewa. Mlango ukafungwa, na komeo nikalisikia.

Kwenye korido Sultani alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Sasa umeona," akasema, lakini hakujua ameona nini. Niliweka sikio mlangoni. Baada ya kitambo naye akaweka la kwake, chini ya langu, kama tulipokuwa wadogo na wazazi wanagombana ndani.

Sauti ya hakimu ilisikika ikiuliza. Maneno sikuyapata. Kisha kikatoka kitu ambacho sikukitambua mara moja, kikwaruzo fulani, kama mtu anayeburuta kiti kibovu sakafuni.

Sultani alinishika mkono. "Dada, ni nani huyo?"

Kabla sijafungua mdomo, tukamsikia Matroni, ile sauti yake ya kwaya ikiwa imevunjika vipande.

"Rudia, bibi. Polepole. Sema tena hilo jina, karani hajalipata."